Damu Inayoua Mbu: Utafiti wa Kwale Unasema Nini, na Kwa Nini Dawa ya Ng'ombe Ibaki kwa Ng'ombe

Mwezi Julai 2025, jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyiwa katika vijiji vya Kaunti ya Kwale. Habari hiyo ilienea kwa sentensi moja: kuna kidonge ambacho mtu akikimeza, mbu anayemuuma anakufa. Sentensi ni ya kweli. Ila imeacha mengi nje, na yale iliyoyaacha ndiyo mkaazi anayoyahitaji zaidi.

Kidonge chenyewe ni ivermektini, dawa ambayo wafugaji wengi wameiona kwenye rafu za duka la dawa za mifugo. Kwa hivyo swali linalofuata habari hiyo halikawii: si afadhali mtu anunue ile ya ng'ombe, ameze, amalize mbu wa nyumbani kwake? Jibu ni hapana, na sababu zake zinapitia mwilini mwa mbu, mwa mbwa, mwa binadamu, na hata ndani ya kinyesi kilichoachwa malishoni.

Dawa iliyotoka kwenye udongo

Katika miaka ya 1970, mwanasayansi wa Japani, Satoshi Ōmura, alikuwa akikusanya udongo kutoka sehemu mbalimbali za nchi yake na kuvichunguza viini hai vidogo vilivyomo. Sampuli moja aliitoa karibu na uwanja wa gofu ulioko mji wa Ito. Ndani yake mlikuwa na bakteria ambayo haikuwa imeonekana mahali pengine. Viini hivyo vilipelekwa Marekani, kwenye maabara ya kampuni ya Merck, ambako William Campbell na wenzake waligundua kwamba kemikali inayotengenezwa na bakteria hiyo huua minyoo ndani ya wanyama. Kemikali hiyo ilirekebishwa kidogo, ikawa ivermektini.

Ilianza kuuzwa kama dawa ya mifugo mwaka wa 1981. Iliua minyoo ya tumbo na pia wadudu wa ngozi, jambo ambalo dawa za awali hazikuliweza kwa pamoja. Mwaka wa 1987 kampuni hiyo ilitangaza kuitoa bila malipo kwa ajili ya ugonjwa wa usubi, unaopofusha watu wanaoishi kando ya mito yenye maji ya kasi barani Afrika na Amerika ya Kusini. Tangu hapo imemezwa mabilioni ya mara. Mwaka wa 2015 Ōmura na Campbell walipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba. Nusu nyingine ilimwendea Tu Youyou wa China, aliyegundua artemisinini, ambayo ndiyo msingi wa vidonge vya AL ambavyo mgonjwa wa malaria hupewa zahanati leo. Dawa hizo mbili zilitunukiwa siku moja, moja ikiwa ya minyoo na nyingine ya malaria. Wakati huo ni wachache waliotarajia kuziona zikikutana katika vita vimoja.

Mbu ana haraka, kimelea hana

Ili kuelewa jinsi dawa ya minyoo inavyoingia kwenye habari za malaria, inafaa kuanza na maisha ya mbu mwenyewe.

Anayeambukiza malaria ni mbu jike wa jamii ya Anofelesi peke yake. Dume hana haja na damu. Hunywa utomvu na maji matamu ya maua. Jike huhitaji damu ili mayai yake yakomae, na kwa kawaida huitafuta kila baada ya siku mbili au tatu. Akimuuma mtu mwenye vimelea vya malaria, vimelea huingia tumboni mwake. Lakini hawezi kumwambukiza mtu mwingine kesho yake. Kimelea lazima kizaliane, kipenye ukuta wa tumbo, kisha kisafiri hadi kwenye tezi za mate. Kazi hiyo huchukua takriban siku kumi hadi kumi na nne, kulingana na joto la mahali.

Hapo ndipo penye udhaifu wa malaria. Mbu ni mdudu wa maisha mafupi, na wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Ni wale wazee wachache tu wanaobaki hai muda wa kutosha ndio hatari. Chukua hesabu ya mfano. Ikiwa kati ya mbu 100 wanaonusurika kila siku ni asilimia 90, basi baada ya siku 12 watabaki 28 hivi. Idadi ya wanaonusurika kila siku ikishuka hadi asilimia 80, baada ya siku zizo hizo 12 watabaki 7 tu. Tofauti ya siku moja inaonekana ndogo, lakini kufikia mwisho mbu wenye uwezo wa kuambukiza wamekuwa robo ya wale wa kwanza. Si lazima kuwaua mbu wote. Yatosha kuwafupishia maisha.

Chandarua chenye dawa hufanya kazi hiyo, na katika vita dhidi ya malaria hakuna chombo kilichookoa watoto wengi zaidi barani Afrika katika miaka 25 iliyopita. Tatizo ni kwamba kinamngoja mbu kitandani. Wapo mbu wanaouma mapema jioni, watu wakiwa bado barazani au jikoni, na wapo wanaouma nje. Wapo pia ambao wamezoea dawa zinazotiwa kwenye vyandarua. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka wa 2023 watu milioni 263 waliugua malaria duniani, na 597,000 wakafariki, wengi wao watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano.

Basi wazo la watafiti lilikuwa hili: mbu wa aina hiyo, auume jioni au alfajiri, nje au ndani, lazima anywe damu. Kwa nini sumu yake isiwe kwenye damu?

Kutoka Kisumu hadi Kwale

Kenya haikuingia katika jambo hili mwaka juzi. Mwaka wa 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyiwa katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu. Watu wazima 141 waliougua malaria walitibiwa kama kawaida, na baadhi yao wakaongezewa ivermektini kwa siku tatu mfululizo. Kisha damu yao ililishwa mbu kwenye maabara. Mbu waliokunywa damu ya waliopewa ivermektini walikufa kwa wingi zaidi, na athari hiyo ilionekana hata siku 28 baadaye.

Lakini mbu wa maabara hula anachopewa. Mbu wa kijijini huchagua, huruka, na huja kutoka kijiji jirani. Swali la Kwale likawa gumu zaidi: dawa ikitolewa kwa watu wengi wa mahali pamoja, je, maambukizi kwa watoto yatapungua kweli?

Utafiti huo, ulioitwa BOHEMIA, uliongozwa na taasisi ya ISGlobal ya Barcelona kwa kushirikiana na mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust ulioko Kilifi, kwa ufadhili wa Unitaid. Ulifanywa pia wilaya ya Mopeia nchini Msumbiji, ambako kimbunga na mlipuko wa kipindupindu viliuvuruga.

Vijiji viligawanywa kwa makundi, na kura ikapigwa. Baadhi ya makundi yalipewa ivermektini. Mengine yalipewa albendazoli, dawa ya minyoo inayojulikana sana shuleni. Wapo watakaouliza kwa nini hao wengine hawakuachwa hivi hivi. Ni kwa sababu albendazoli haimdhuru mbu, hivyo inafaa kulinganishia, na wakati huohuo inamwacha aliyeimeza na faida ya kutolewa minyoo. Kura nayo ina kazi yake. Kama watafiti wangejichagulia vijiji, pengine wangechagua vilivyo karibu na barabara au vyenye vyandarua vingi, na mwishoni isingejulikana kilichopunguza malaria ni dawa au ni barabara.

Dozi ilikuwa maikrogramu 400 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, mara moja kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, kuanzia mwanzo wa mvua za vuli. Watu zaidi ya 20,000 walishiriki na dozi zaidi ya 56,000 zikatolewa. Wajawazito na watoto wenye uzito wa chini ya kilo 15 hawakupewa. Kipimo cha mafanikio kilikuwa watoto wa miaka 5 hadi 15, ambao walipimwa damu kila mwezi kuhesabu maambukizi mapya. Umri huo haukuchaguliwa ovyo. Watoto wa shule mara nyingi hubeba vimelea bila kuonyesha homa kali, na mbu hujichukulia kutoka kwao.

Asilimia 26, na maana yake

Katika makundi yaliyopewa ivermektini, maambukizi mapya kwa watoto hao yalikuwa pungufu kwa asilimia 26 yakilinganishwa na makundi ya albendazoli. Hakukuwa na madhara makubwa yaliyosababishwa na dawa. Watoto walioishi mbali na mipaka ya makundi walinufaika zaidi, na vilevile wale wa sehemu ambako ugawaji wa dawa ulifanyika vizuri zaidi.

Hilo la mipaka lisipitwe haraka. Mtoto aliyeishi mpakani alikuwa akiumwa na mbu wa upande wa pili, ambao hawakuwa wamekutana na damu yenye dawa. Kwa maneno mengine, ivermektini haimkingi mtu aliyeimeza. Mbu mwenye vimelea akimuuma, humwachia vimelea kwa mate yake kwanza, kisha hunywa damu, na ndipo anapokwenda kufa. Aliyemeza ameshaumwa na ameshaambukizwa. Anayenufaika ni mtu wa kesho, yule ambaye mbu huyo angemuuma baadaye. Mtu mmoja akimeza peke yake kijijini hajajikinga, na majirani zake hawajapata chochote cha maana. Dawa hii inafanya kazi kama mtaa mzima unavyozoa taka zake: nyumba moja ikisafisha na kumi zisisafishe, nzi watabaki palepale.

Tena asilimia 26 si mia. Kati ya maambukizi manne, takriban moja limezuiwa, na hayo ni juu ya kinga ya vyandarua vilivyokuwapo. Ni hatua nzuri kama nyongeza. Kama mbadala wa chandarua haifai hata kidogo.

Wala matokeo hayakuwa mazuri kila mahali. Burkina Faso, utafiti wa kwanza uliochapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha malaria ikipungua kwa asilimia 20 kwa watoto wadogo, lakini utafiti wa pili nchini humohumo haukupata tofauti ya kuaminika. Katika visiwa vya Bijagós, Guinea-Bissau, ivermektini iliongezwa juu ya dawa nyingine ya malaria na haikuonekana kuongeza faida. Watafiti wanatazama kiwango cha dozi, muda wa kutoa, aina ya mbu na idadi ya watu walioshiriki ili kupata chanzo cha tofauti hizo. Kamati ya WHO inayopima njia mpya za kudhibiti mbu ilikubali kwamba Kwale imeonyesha matokeo, na ikashauri tafiti zaidi zifanywe. Kwa sababu hiyo kidonge hiki bado hakijawa kinga ya malaria ya kuchukuliwa zahanati.

Kwa nini mbu afe na mtu asife

Katika neva na misuli ya wadudu na minyoo mna vijilango vidogo vinavyopitisha chembe za kloridi. Ivermektini huvishikilia vikabaki wazi. Neva hunyamaza, misuli hulegea, mdudu hupooza. Binadamu hana vijilango vya aina hiyo. Anavyo vinavyokaribia kufanana navyo, lakini viko ubongoni, na ubongo una ukuta wake. Mishipa midogo ya damu inayoupitia imebanana, na kwenye kuta zake kuna protini inayofanya kazi ya bawabu: dawa ikijaribu kuingia, inasukumwa irudi kwenye damu.

Umuhimu wa bawabu huyo ulijulikana kwa uchungu kupitia mbwa. Mbwa wengi wa aina ya collie, wanaotumika kuchunga kondoo, huzaliwa na hitilafu ya jeni inayowanyima protini hiyo. Dozi ambayo mbwa wa kawaida anaistahimili huwafanya wayumbe, wakose kuona, wazimie, na wengine wafe. Dawa ni ileile. Kilichokosekana ni ukuta.

Binadamu mwenye ukuta mzima anaweza kuuzidi nguvu kwa kumeza kingi. Ndipo tunafika kwenye chupa ya dukani.

Chupa ya mililita 50

Dawa ya sindano ya mifugo iliyo maarufu ina miligramu 10 za ivermektini katika kila mililita. Chupa ndogo ya mililita 50 basi ina miligramu 500, ambazo zinatosha ng'ombe kumi wenye kilo 250 kila mmoja. Dawa hiyo imepimwa kwa sindano na mizani ya ng'ombe. Anayeikadiria kwa kijiko au kifuniko cha chupa anaweza kujipa dozi ya mara kadhaa bila kujua, na mtoto wa kilo 12, ambaye hata katika utafiti hakuruhusiwa kupewa, ndiye atakayeumia kwanza. Tena dawa si ivermektini peke yake. Imechanganywa na vimiminika vya kuibeba, na ile ya kumwagia mnyama mgongoni imetengenezwa ipenye ngozi nene. Hakuna aliyevipima kwa tumbo la binadamu.

Haya si ya kubuni. Wakati wa janga la korona, watu nchini Marekani walikunywa ivermektini ya farasi na ng'ombe, simu kwa vituo vya sumu zikaongezeka, na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikalazimika kutoa onyo hadharani.

Kwa mfugaji, chupa hiyohiyo ina masharti yake. Maandishi yake hutaja siku za kusubiri kabla ya kuchinja, na aina nyingi haziruhusiwi kabisa kwa ng'ombe anayekamuliwa, kwa kuwa dawa hupenda mafuta na hutoka na maziwa. Kuitumia kila mara bila ushauri wa daktari wa mifugo kuna hasara nyingine pia. Katika nchi nyingi minyoo ya mbuzi na kondoo imekwisha kuizoea, na mwenye mbuzi anabaki akinunua maji ya bei ghali.

Yanayotokea malishoni

Dawa nyingi anayodungwa ng'ombe hutoka na kinyesi, ikiwa bado na nguvu. Kinyesi hicho ni chakula na kitalu cha dundu wa samadi, wale weusi wanaoviringisha madonge na kuyafukia. Viluwiluwi vyao hudhurika kwenye kinyesi chenye ivermektini, na vya nzi vivyo hivyo.

Inaweza kuonekana ni mambo madogo. Australia iliona vingine. Dundu wa asili wa nchi hiyo walizoea kinyesi kikavu cha kangaruu, hawakukimudu kile cha ng'ombe walioletwa na wageni. Kinyesi kikakaa juu ya nyasi, malisho yakapungua, na nzi wakazaliana humo. Kuanzia miaka ya 1960 wanasayansi wa huko waliagiza dundu kutoka nje, wengi wao kutoka Afrika, waje wafanye kazi hiyo. Pwani ya Kenya inao bila kuwalipia, katika maboma ya Kinango na pia katika kinyesi cha ndovu wa Shimba Hills. Wataalamu wa malisho hushauri mifugo isidungwe yote kwa wakati mmoja bila sababu, na mnyama asiye na minyoo asidungwe, ili dundu wabaki na kinyesi safi cha kuzalia.

Jambo hili linawahusu pia watafiti wa malaria. Baadhi ya mbu, hasa Anofelesi arabiensis, huuma ng'ombe na watu pia, na mmoja wa mipango inayochunguzwa ni kuwatibu ng'ombe pamoja na watu ili mbu asipate damu salama popote. Faida yake kwa binadamu itabidi ipimwe pamoja na gharama yake malishoni.

Kwa sasa

Chandarua chenye dawa kilichopo nyumbani kitumike kila usiku, na kikipasuka kishonwe. Mwenye homa apimwe malaria kabla ya kumeza chochote. Wahudumu wa afya ya jamii hutembea na vifaa vya kupimia katika vijiji vingi. Mtafiti akija kijijini kuomba ushiriki, mkaazi ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kuuliza, kukataa, na hata kujitoa baadaye bila kunyimwa huduma.

Na kama kuna mtu nyumbani ameshakunywa ivermektini ya mifugo, asisubiri aone itakavyokuwa. Kutapika, kuyumba kama mlevi, kuona giza, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida ni dalili kwamba dawa imefika ubongoni. Apelekwe hospitali mara moja, bila kulazimishwa kutapika wala kunyweshwa maziwa, na chupa ichukuliwe pamoja naye ili daktari asome kilichoandikwa na kujua kiasi kilichopungua.